Zulia la kijani juu ya sasheti: tuangalie udongo kabla ya kununua dawa

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua haijaacha tangu usiku, nilipofika kwenye pepinieri ya kahawa ya kooperativi moja iliyo kilimani, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Butembo. Mama msimamizi alinipokea kwa jina la kazi yangu, kama wanavyofanya wote.

“Agronomu, karibu. Lakini leo hatukukuita kwa chai. Angalia hii.”

Alinionyesha vitanda vitatu vya sasheti chini ya kivuli cha majani ya ngazi. Udongo haukuonekana. Kila sasheti ilikuwa imefunikwa na zulia la kijani, laini, linalong’aa maji. Katikati ya zulia mche wa kahawa umesimama na majani ya njano, mfupi kuliko umri wake.

“Hii kitu ndiyo inaua miche yetu. Tunaitosha leo na kijiko, kiisha wiki mbili iko tena. Tumeshakusanya pesa kwa kununua dawa ya kuipulizia. Utuandikie tu jina la dawa.”

Hicho kitu cha kijani kwa Kifaransa kinaitwa mousse. Hapa nitaandika musi, kama tunavyoitamka. Nimeombwa jina la dawa yake mara nyingi, Butembo, Lubero, hata kule Beni kwenye kakao. Siku ile niliomba kwanza glasi ya maji na kisu.

Wasomaji wanaofanya kahawa wanajua kilichokuwa mezani. Mbegu zilikuwa zimepandwa mwezi wa kumi. Katika baridi ya milima yetu, kwenye mita 1700 na zaidi, mbegu ya arabika inaweza kulala wiki sita au nane kabla ya kutoka. Inatoka kwanza ikiwa imesimama kama askari na kofia yake, halafu inafungua majani mawili kama kipepeo, na hapo ndipo inahamishwa kwenye sasheti. Miche ilitakiwa kwenda shambani mwezi wa tisa, mvua ikirudi. Ukikosa mvua hiyo umepoteza msimu, na mti wa kahawa unataka miaka kama mitatu kabla ya kukupa mavuno ya kwanza yenye maana. Familia zilizokuwa zimeandikishwa kupewa miche zilikuwa zimeshachimba mashimo.

Nilimwaga maji ya glasi juu ya sasheti moja, polepole. Maji yalikaa juu. Tukahesabu kwa sauti, mama na vijana wawili wa pepinieri na mimi. Tulipita mia moja na maji bado yanang’aa juu ya musi, mengine yameshamwagika pembeni. Kisha nikapasua sasheti kwa kisu. Chini, udongo ulikuwa kama ule wa kufanyia matofali, mwekundu, unanata, na ukiunusa una harufu ya maji yaliyolala. Mizizi ya kahawa ilikuwa imebaki nusu ya juu tu. Ile iliyojaribu kushuka ilikuwa ya kahawia na inachunika kwa vidole.

Kijana mmoja akasema: “Kumbe inakufa kwa chini.”

Ndiyo. Inakufa kwa chini, na musi inatuambia kwa juu.

Musi ni mmea mdogo usio na mizizi ya kweli. Ina nyuzi nyembamba za kujishikilia tu. Maji inayanywa kwa majani yake yenyewe, inapata chakula kidogo kutoka kwa maji hayo na vumbi, na inazaa kwa mbegu ndogo kama vumbi ambazo upepo unazipeleka popote. Haina mdomo wa kunyonya kahawa. Hata ile inayoning’inia kwenye mashina ya kahawa za zamani haiufyonzi mti. Imepanga nyumba tu. Kama mti huo ni dhaifu, tafuta sababu mahali pengine. Nimeona wazee wanakwangua shina kwa panga mpaka wanatoa ganda, na kidonda hicho kinakuwa mlango wa magonjwa. Afadhali wangeiacha, wapunguze matawi ya mti wa kivuli.

Kwa hiyo musi haichagui mahali kwa sababu ya mche. Inachagua uso wa kitu: je, uso huo unakaa na maji muda mrefu? Umetulia, hauchezi? Umefichwa jua kali? Wengi wanasema musi ni alama ya udongo mchachu, wanakimbilia majivu au chokaa. Si kweli daima. Angalia ukuta wa saruji nyuma ya nyumba yako, upande usioona jua. Musi imejaa hapo, na saruji si chachu hata kidogo. Iko musi ya ukuta, iko ya gogo linalooza, iko ya udongo uliokanyagwa, na kila moja ina tabia yake. Kinachozikutanisha zote ni maji yasiyoondoka. Tena iko jamaa yake mwenye majani bapa kama utepe, anayelala juu ya udongo. Huyo anapenda sana mahali watu walipomwaga urea au NPK juu juu. Ukimwona, uliza nani amekuwa anatupa mbolea.

Kwa mche, ubaya wa musi ni mdogo lakini upo. Ikikauka inafanya ganda, maji ya kumwagilia yanateleza pembeni. Ikilowa inawaficha konokono. Lakini ukiitoa kwa kijiko bila kubadili kilicho chini yake, umefuta jasho la mgonjwa wa malaria.

Nikauliza udongo ulitoka wapi. Hapo watu walinyamaza kidogo.

Miaka ya nyuma walikuwa wanatumia udongo mweusi wa majani kutoka pembeni ya msitu. Akina mama walikuwa wanatoka asubuhi na vikapu, wanarudi saa nane. Udongo ule ni mzuri, hakuna asiyejua. Lakini njia ile haiendeki tena. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Beni na Butembo kwa nini. Wengi wenu muna kakao iliyoiva ambayo hamuwezi kwenda kuvuna. Na pale msitu unapokuwa wa Hifadhi ya Virunga, inayolindwa tangu 1925, kubeba udongo wake ni kosa hata wakati wa amani. Basi kooperativi ilichukua udongo uliokuwa karibu: ule mwekundu uliomwagwa wakati wa kuchimba choo cha ofisi. Udongo wa kina cha mita mbili, ambao haujawahi kuona jani wala nyungunyungu.

Sikuwacheka, kwa sababu walichagua uhai wa akina mama mbele ya udongo mzuri, na mimi ningefanya vilevile. Swali langu likawa lingine: je, ndani ya umbali wa mita mia tano kutoka pepinieri, tunaweza kufanya udongo wa sasheti unaokaribia ule wa msitu?

Sisi tuliosoma kilimo tuna aibu yetu hapa. Madaftari yetu ya shule yalikuwa yamejaa mapishi ya Ulaya, na kila pishi lilianza na turbu, yaani ule udongo mwepesi wa vinamasi unaotokana na musi iitwayo Sphagnum iliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Nani anauza turbu sokoni Butembo? Inchi yetu inayo ya aina nyingine, ya majani na miti iliyozama, nyingi ajabu, katika bonde la kati la mto Kongo: mwaka 2017 wataalamu waliipima kuwa inaenea karibu kilomita za mraba 145 500 pamoja na upande wa Brazzaville. Ibaki huko huko. Imefunga hewa ya kaboni ya kutosha kuchafua hali ya hewa ya dunia nzima, na sisi hatuihitaji kwa kuotesha kahawa.

Tunachohitaji ni kuelewa sasheti. Sasheti si shamba. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike wima bila kuikamua. Maji yanashuka, yanadondoka, halafu yanaacha kudondoka. Lakini ibonyeze chini: bado imejaa. Ndivyo sasheti ilivyo. Shambani maji yanaendelea kushuka kwa sababu udongo unaendelea. Kwenye sasheti yanafika mwisho na kukaa. Udongo wa chembe ndogo kama mfinyanzi unashika maji hayo mpaka karibu na juu, na mizizi inakosa hewa. Mizizi inapumua, jamani. Kwa hiyo udongo ambao shambani unazaa maharagwe bila shida unaweza kuua mche ndani ya sasheti. Matundu ya pembeni na ya chini yanasaidia, lakini hayatoshi kama chembe zenyewe zimebanana.

Siku ileile tulipanga mistari ya majaribio, sasheti kumi kwa kila mchanganyiko, kila mstari na kijiti chake. Mstari wa kwanza, udongo mwekundu peke yake. Wa pili, udongo huo na samadi mbichi ya mbuzi. Wa tatu, udongo wa juu wa shamba la migomba, mboji iliyoiva na mchanga. Wa nne kama wa tatu, tukaongeza maganda ya mpunga kutoka mashineni. Wa tano, unga wa mbao nusu kwa nusu na udongo. Maji kipimo kimoja kwa yote, kwa ile ndoo yenye robinet iliyobaki tangu wakati wa Ebola, ambayo kila ofisi hapa iko nayo.

Niliporudi baada ya wiki saba, musi ilikuwa imeshasoma majibu kabla yangu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kijani wote. Wa pili ulianza na utelezi wa kijani kibichi, musi ikafuata, na miche mingine ilikuwa imeungua ncha za majani kwa ajili ya samadi mbichi. Wa tatu ulikuwa na musi pembeni kidogo, upande wa kivuli kizito. Wa nne karibu hauna, juu yake pamekauka tangu saa nne asubuhi, na chini ukipapasa pana unyevu mzuri.

Mstari wa tano, wa unga wa mbao, hauna musi kabisa. Kijana akafurahi: “Agronomu, hii njo imeshinda!” Nikamwambia aangalie miche. Ilikuwa myeupe-njano, imesimama palepale tulipoiacha. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu unga wa mbao ni mwingi mno kwetu. Mbao zinashuka kutoka upande wa Ituri, zinapasuliwa na kurandwa Butembo, na nyuma ya kila karakana kuna kilima cha unga ambacho watu wanachoma tu. Ni mali. Lakini ukiwa mbichi, vijidudu vinavyouozesha vinahitaji azoti, na kwa kuwa mbao haina azoti ya kutosha, vinaichukua ya mche. Mche unalala njaa ndani ya chakula. Uweke kwanza kwenye lundo pamoja na samadi ya mbuzi, ya kuku au ya kobai, majani mabichi, maji. Ugeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Uache miezi sita, hata zaidi kwa baridi ya Butembo. Ukiwa mweusi, haunuki mbao tena, na ukiukamata kwa mkono hauna joto, sasa ni rafiki. Kutokuwa na musi, basi, si cheti cha udongo mzuri. Musi inapima maji ya juu tu; njaa ya mche haiijui.

Maganda ya kahawa kutoka vituo vya kuoshea, njia ni hiyohiyo: lundo kwanza. Maganda ya kakao pia, tena kwa hayo nina ukali zaidi, maana ugonjwa wa matunda meusi unaishi ndani yake. Usiyapeleke mabichi kwenye pepinieri ya kakao hata siku moja. Unga wa makala, beseni moja kwa kumi unatosha. Majivu, kidogo sana: kahawa inapenda udongo mchachu kiasi, na ukizidisha majivu majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani. Mchanga uwe wa chembe unazoziona kwa macho. Ule mlaini kama unga, unaochotwa pembeni ya maji yanayotembea polepole, unaziba matundu kuliko hata mfinyanzi.

Kipimo ninachopendekeza Butembo ni beseni 3 za udongo wa juu, 2 za mboji iliyoiva na 1 ya mchanga wa chembe kubwa. Udongo ukinata, ongeza 1 ya maganda ya mpunga. Jaribu kwa ngumi: lowesha kidogo, kamata, fungua mkono. Donge likibaki na ukiligusa kwa kidole linavunjika, uko sawa. Likibaki kama tofali, ongeza vitu vinavyoleta hewa. Likimwagika lenyewe, ongeza mboji.

Sasa niseme kosa langu. Nikiwa na furaha ya mstari wa nne, nilichukua pishi hilohilo na kulipeleka kwenye pepinieri ya kakao upande wa Beni. Sikufikiri sana. Beni iko chini, karibu mita 1100 na kitu, joto ni jingine, na udongo wa pepinieri ile tayari ulikuwa na mchanga mwingi. Mimi nikaongeza mchanga na maganda ya mpunga. Saa sita mchana sasheti zilikuwa nyepesi kama karatasi. Miche ya kakao ilikuwa imeinamisha majani, na mzee aliyekuwa anailinda aliniambia kwa adabu, bila kuniangalia usoni: “Mwanangu, hii udongo yako iko na kiu.” Tulipoteza sasheti si chache. Hapakuwa na musi hata moja, bila shaka.

Kwa Beni, basi, pale udongo ulipo wa mchanga: beseni 4 za udongo wa juu, 2 za mboji, mchanga acha. Nyuzi za ngazi zinazobaki baada ya kukamua mawese, zikiozeshwa vizuri, zinashika maji bila kubana. Zinastahili kuingia kwenye mboji hiyo. Na kakao haikai muda mrefu kwenye sasheti, miezi minne hadi sita, kwa hiyo kosa la udongo halina muda wa kusahihishwa.

Jambo jingine wanaloniuliza ni ugonjwa wa shingo, ule unaokata mche mchanga pale unapogusana na udongo, asubuhi unaukuta umelala. Unaletwa na kuvu wa udongoni, na kuvu hao wanapenda mahali palepale musi inapopenda. Beni unaweza kufunika mchanganyiko uliolowa kwa plastiki inayopitisha mwanga, wiki nne hadi sita za jua, udongo ujipike. Butembo na ukungu wake usitegemee hilo. Tumia pipa lililokatwa: maji kidogo chini, wavu, udongo juu, moto. Fukia kiazi cha Lubero katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Vijana wanapenda sana kipimo hicho, maana baadaye kinaliwa.

Iko kazi moja ambayo musi yenyewe ndiyo udongo. Ukitaka kuzalisha limau au avokado kwa kutoa mizizi juu ya mti: unachuna ganda la tawi kwa upana wa vidole viwili, unazungushia musi iliyoloweshwa na kukamuliwa, unafunga kwa plastiki juu na chini. Inashika maji na hewa pamoja, jambo ambalo mfinyanzi haliwezi. Chukua ile ya ukutani au ya mawe ya pembeni ya kijito, kiasi cha kujaza kofia. Usivue mti mzima. Avokado ni mgumu kutoa mizizi, uwe na subira. Limau ni rahisi.

Nirudi kilimani. Tulitenga miche pamoja na mama msimamizi. Ile ambayo mzizi mkuu ulikuwa bado mweupe na umenyooka, tulipasua sasheti, tukakata sehemu iliyooza, tukaihamishia kwenye udongo mpya jioni jioni, tukapunguza majani ya ngazi juu yake taratibu kwa wiki tatu. Ile ambayo mzizi umejikunja kama mkia wa nguruwe, niliomba itupwe. Hapo tulibishana. Mama alisema mti ni mti, upewe nafasi. Nikamwambia mti wa namna hiyo utaota vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, na mwaka wa nne, ukiwa umebeba, utaanguka kwa upepo au kukauka wakati wa jua, na mwanachama atakuja kuulizia ofisini. Alifikiri muda mrefu. Kitanda kizima kati ya vitatu kilikwenda kwenye lundo la mboji.

Pesa za dawa hazikununua dawa. Zilinunua mikokoteni miwili ya mchanga, plastiki, na magunia ya maganda ya mpunga. Mwezi wa tisa miche ya vitanda viwili ilitoka, na familia ambazo hazikupata ziliandikwa za kwanza kwa msimu unaofuata. Kamati iliamua pia kwamba lundo la mboji lianze mwezi wa tatu kila mwaka, kabla hata ya kuchagua mbegu.

Nilipopita tena, musi ilikuwa imerudi kwenye sasheti za pembeni, zile zilizo chini ya mti wa avokado. Mama alikuwa ameshaona. Alikuwa ametuma kijana kukata tawi.